Kipa Aliyeuliza Kama Tumeshinda

Mkitaka kujua kama mchezaji ni mzima, msimuulize. Anayetaka kucheza atawaambia ni mzima hata kama mguu kaushika mkononi. Asiyetaka kupanda mlima asubuhi atawaambia anaumwa mpaka kucha. Mwangalieni akivaa soksi. Mwenye maumivu ya nyuma ya paja hainami kuufuata mguu. Huuleta mguu kwake, taratibu, kama anayenyanyua mtoto aliyelala. Mwangalieni akishuka kwenye basi, anatanguliza mguu upi. Mwangalieni akicheka. Mwenye mbavu zilizoumia hucheka kwa mdomo tu, kifua kimetulia.

Haya sikuyapata darasani. Nilifundishwa na Mzee Filimoni, aliyekuwa mchuaji wa timu yetu ya hapa Kasulu kabla yangu. Mimi nilikuwa hospitalini, kazi yangu kuwanyoosha viungo wagonjwa: walioanguka na pikipiki, waliopooza upande, watoto waliochelewa kutembea. Timu ilipopanda daraja ikatakiwa kuwa na mtu wa tiba anayeeleweka, na magoti ya Mzee Filimoni yalikuwa yamechoka kukimbilia uwanjani. Wakaniita mimi. Wachezaji wakanipa jina la Mama Tiba, na nimestaafu nalo. Hata sokoni nikipita leo naitwa hivyo.

Nyinyi mnaokuja kunisalimia siku hizi na simu zenu, mnaonionyesha vile vifulana vya kuvaa mchezaji vinavyosema amekimbia umbali gani na moyo umedunda vipi, nawapenda sana. Laiti ningevipata. Lakini kila mkiondoka nabaki na neno ambalo sikulisema, kwa sababu mnakuwa na haraka ya kuwahi mazoezi. Leo naliandika.

Kwanza Mzee Filimoni mwenyewe. Yeye dawa yake ilikuwa moto. Enka imeteguka, maji ya moto. Goti limevimba, maji ya moto. Kipigo cha begani, mafuta yanayowasha na taulo la moto. Mimi nilikuja na barafu, naye akaniangalia kama niliyeleta nyoka. "Mama, huku kwetu Juni watu wanaota moto hadi saa nne, na wewe unamwekea mtu barafu?" Na barafu yenyewe tuliitoa wapi? Kwa akina mama wauza samaki. Migebuka inayopanda kutoka ziwani ilifika sokoni ndani ya maboksi ya barafu, nami nilikuwa nasubiri pale na ndoo yangu kuokota kilichobaki. Kwa hiyo kikosi chetu cha kwanza kilinuka migebuka msimu mzima. Tulipocheza ugenini, beki mmoja wa wapinzani alimlalamikia mwamuzi kuhusu harufu. Mwamuzi akamwambia harufu haina kadi.

Sasa nasikia mnabishana hata kuhusu barafu, kwamba huenda inachelewesha mwili kujitibu. Sawa. Mzee Filimoni angefurahi sana kusikia. Ninachotaka mjue ni kwamba njia zitabadilika na nyinyi mtabadilika nazo, na msione aibu.

Kazi hii ina msimu wake wa taabu, nao si wakati wa ligi. Ligi ikianza, mambo yanakwenda yenyewe. Taabu iko kwenye maandalizi, ile miezi ya jua na vumbi jekundu, nyasi zimechomwa milimani, wachezaji wamerudi kutoka likizo na vitambi, na kila mmoja anagombea namba. Hapo ndipo misuli inachanika, na hapo ndipo watu wanaficha.

Na mji mzima unataka kujua. Mimi nilikuwa nanunua sukari kwa Mzee Salumu, dukani kwake karibu na stendi. Mtu mstaarabu, asili yake Tanga, hakuwahi kuniuliza moja kwa moja kama mshambuliaji wetu Rajabu amepona. Alikuwa anafunga sukari pole pole, halafu anasema, "Mama Tiba, nina swali la biashara. Hizi betri za redio niagize nyingi, au Jumamosi watu hawatasikiliza?"

"Agiza, Mzee wangu," nasema, "watu wanapenda taarifa ya habari."

Anacheka, ananipa sukari. Wiki inayofuata anajaribu mlango mwingine. Mwili wa mchezaji si habari ya dukani, vijana wangu. Mkiusema leo kwa Mzee Salumu, kesho asubuhi kocha wa Kibondo anaujua, na Jumamosi beki wao anaukanyaga pale pale panapouma.

Sasa niwaeleze habari ya Desideri.

Desideri alikuwa kipa. Kijana wa Nyakitonto, mrefu, mikono kama miiko ya kukorogea pombe, na maneno mengi kuliko redio. Wazee wake walitoka Burundi zamani, kabla yeye hajafikiriwa. Yeye kazaliwa Nyakitonto, kasoma Nyakitonto, na familia yote ni raia. Hata hivyo wenzake shuleni walimwita mkimbizi, na viwanjani mashabiki wa timu pinzani walilichukua jina hilo hilo. Siku ya kwanza alipofika kwenye kambi yetu ya mazoezi, katika bweni la shule iliyokuwa likizo, aliweka begi kitandani akatangaza: "Watu wananiambia nimezaliwa kambini. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kulala kambini, na ni kwenu nyinyi Watanzania!" Bweni zima likacheka. Mtu anayejitania hivyo kabla hajataniwa, mjue ameshaumia pale.

Msimu ule timu yetu ilikuwa imepanda hadi ligi ya juu kabisa. Kwa Kasulu lilikuwa jambo la kusimamisha shughuli. Na mechi ya ufunguzi tulipangiwa timu kubwa kutoka Dar es Salaam, itaonyeshwa kwenye runinga. Kocha wetu, Kocha Sudi, alikuwa mtu mpole, asiyepiga kelele, mwenye tabia ya kukunja na kukunjua kofia yake akifikiri. Mapema kabisa alisema langoni atasimama Desideri. Kipa wa pili, Hamisi, alikuwa ametegua kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Kipa wa tatu alikuwa ameacha mpira akaenda kuchimba dhahabu.

Wiki mbili hivi kabla ya ufunguzi tulikwenda Kibondo kucheza mechi ya kirafiki. Uwanja umejaa, watoto juu ya ukuta, vumbi linapanda hadi huoni mstari. Kuelekea mwisho wakapiga kona. Desideri akatoka, akapaa, akaudaka, na goti la mshambuliaji wao likampata kwenye upande wa kichwa, juu ya sikio. Nilisikia mlio wake nikiwa benchi. Alianguka na mpira kifuani.

Nikakimbia na mkoba wangu. Nilipofika alikuwa ameshakaa.

"Desideri, hapa ni wapi?"

"Kibondo, Mama. Nani asiyelijua vumbi hili?"

"Tunacheza na nani?"

Akataja. Nikamwuliza kipindi gani, akajibu. Nikamtazama macho, nikamsimamisha, akatembea sawasawa. Kila swali alijibu, na mzaha juu. Muda ulikuwa umebaki kidogo sana. Nikatoka. Na kabla kipyenga hakijalia, akaokoa shuti moja ambalo hata watu wa Kibondo walilipigia makofi: akaruka upande wa kushoto, akautoa mpira kwa ncha za vidole. Tukashinda mabao mawili kwa moja.

Njiani kurudi, basi lote linamwimba Desideri. Wanaigiza alivyoruka, wanagongana vichwa kwenye viti. Yeye kakaa dirishani karibu yangu, anatabasamu. Baada ya muda akanisogelea, sauti chini.

"Mama Tiba, hivi mechi iliishaje?"

Nikadhani ni utani wake. "Tumeshinda. Husikii wanavyopiga kelele?"

"Ego," akasema. Ndiyo. Akarudi dirishani.

Tulisimama Murungu, kwa kuwa dereva alikuwa na shemeji yake pale anayeuza ndizi mbivu. Wachezaji wakashuka. Desideri akanunua kichane, akamenya moja, akala nusu, akaniangalia.

"Mama, hivi leo tulishinda?"

Hapo nikajua huu si utani. Sikutaka kumtisha, nikacheka kidogo, nikasema, "Tulishinda, na wewe ndiye uliyetuokoa. Lile shuti la mwisho ulilitoa kwa mkono gani?"

Akafikiri. "Wanasema wa kushoto."

Wanasema! Kipa aliyeokoa shuti la namna ile huwa anakusimulia kwa wiki nzima, kidole kwa kidole, mpaka unamkimbia. Huyu alikuwa anasimuliwa yeye. Nikamchukua mkono kama ninayemwonyesha kitu, nikamkalisha kiti cha mbele karibu yangu, na tulipoingia Kasulu hatukwenda kambini. Nilimwambia dereva atupitishe hospitali kule Kabanga.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mwenye subira. Alimpima, akamtazama macho na mizani ya mwili, akamlaza pale hadi asubuhi wakimwangalia. Kesho yake akatueleza mimi na Kocha Sudi kwamba ubongo umetikisika. Hakuona dalili ya damu kuvuja ndani, na kwa hilo tukamshukuru Mungu. Lakini asiguse mpira mpaka kichwa kiache kuuma kabisa na akili irudi kama zamani. Baada ya hapo aanze pole pole, kutembea, kukimbia, ndipo kudaka. Kocha akauliza itachukua muda gani.

"Siwezi kukupa siku, Kocha," daktari akasema. "Wengine hupona upesi, wengine huchelewa. Ninachoogopa ni kupigwa tena kabla hajapona. Hapo ndipo watu wanapotea. Na shida yake ni kwamba maumivu ya kichwa hayaonekani. Itabidi atuambie ukweli."

Tukatoka nje. Kocha Sudi akaikunja kofia.

"Mama, nilikuwa na kipa mmoja na nusu."

"Sasa tuna nusu tu, Kocha."

Akacheka, lakini si kwa moyo.

Hapa niwape kidogo habari za kidole, maana kidole cha Hamisi kilikuwa sehemu ya mambo yenyewe. Kidole kilichoteguka msikifunge peke yake kikawa kama mti. Kifungeni na jirani yake, chini ya kifundo na juu ya kifundo, kifundo chenyewe kiachwe kipinde. Katikati wekeni pamba kidogo, jasho likiingia ngozi isichubuke. Plasta isiwe nene, la sivyo glavu haiingii na mtalaumiwa nyinyi. Mimi mara ya kwanza kabisa nilipoingia uwanjani kazini, nilifunga enka ya mchezaji kwa ustadi mkubwa huku analia na kugaagaa, na nilipomaliza Mzee Filimoni akaniuliza pembeni kwa nini nimefunga mguu mzima na kuuacha mbovu. Kwa hiyo ongezeni na hili: ulizeni upande.

Basi Hamisi nikawa namfunga kidole kila asubuhi, anadaka mipira laini, anauma meno. Yeye alikuwa mtu wa kimya, hakuwahi kuiomba namba ya Desideri hata kwa macho.

Desideri akarudi kambini. Siku mbili tatu za mwanzo alilala sana. Kisha akaamka mcheshi. Kila nikimwuliza kichwa, "Hakiumi kabisa, Mama." Maswali yote ya kupima kumbukumbu akayajibu kama maji. Baadaye nikagundua ameyashika kwa moyo, maana nilipobadilisha mpangilio alinijibu swali la tatu nikiwa nimemwuliza la pili. Nikaanza kumtazama. Alikuwa anapenda kivuli, yeye ambaye zamani alilala juani kama mjusi. Wenzake wakifungua muziki, anakumbuka ghafla kwamba ana nguo za kufua. Uwanjani alikaa upande ambao jua linampiga mgongoni, na kofia ameishusha hadi nyusi.

Lakini hayo yote ni ya kuona tu. Mtu anaweza kupenda kivuli. Kocha aliponiuliza, nilimwambia ninavyoona, nikamwambia pia kwamba mdomo wa mwenyewe unasema amepona na sina chombo cha kuuona uongo. Siku zilikuwa zinakwisha. Mji ulikuwa umeshapaka vibao rangi za timu. Mzee Salumu alikuwa ameacha habari za betri, sasa anauliza kama anunue runinga kubwa.

Nikamfuata Desideri nyuma ya jiko, alikokuwa amekaa peke yake anachambua maharage kumsaidia mpishi.

"Mwanangu," nikasema, "sikuulizi kama daktari wala kama kocha. Kichwa kinauma?"

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mama, siku ile mtangazaji atasoma majina. Wa kwanza huwa ni kipa. Atasema jina langu, halafu atasema, kijana wa Nyakitonto, mkoa wa Kigoma. Nchi nzima itasikia. Unajua nimeitwa nini tangu darasa la kwanza?"

"Najua."

"Basi sema niko sawa. Neno moja tu. Kocha anakusikiliza."

Msidhani wakubwa huwa tuna majibu. Nilikaa pale nikamsaidia kuchambua maharage, nikiwaza kwamba huenda kweli amepona, huenda mimi ni mama mwoga niliyewaona wagonjwa wengi wa kichwa hospitalini, na kwa woga wangu nitamnyang'anya kijana siku moja ambayo hairudi. Jambo la mpira ni hilo. Nafasi hupita kama gari la mnada, ukichelewa unabaki na mzigo wako barabarani.

Siku iliyofuata mama yake alikuja. Alikuwa akifanya biashara ya unga wa muhogo, na mara kwa mara aliiletea kambi mfuko mmoja wa zawadi. Mwanamke mfupi, kitenge kimefungwa imara. Nilikuwa nimejiandaa: nilijua naye ameshawatangazia Nyakitonto nzima, nikadhani amekuja kunibembeleza. Tukasalimiana, mwakeye, mwakeye, habari za nyumbani. Kocha Sudi naye akaja, akamkaribisha kwa heshima. Desideri akaitwa. Akaja, akamkumbatia mama yake, wakakaa kwenye benchi la bweni wakizungumza kikwao.

Mimi Kiha changu na Kirundi chao ni ndugu, nasikia karibu kila neno. Mazungumzo ya kawaida. Mbuzi amezaa. Dada yake amepata mchumba. Paa la jiko. Hakuna lolote la mpira. Baada ya muda yule mama akamtazama mwanawe kwa utulivu, kama mtu anayetazama sufuria lililokuwa linachemka na sasa halichemki. Akamwambia akachukue mfuko wa unga aupeleke jikoni. Desideri akaenda.

Mama akatugeukia, akasema kwa Kiswahili chake cha pole pole:

"Huyu mtoto anaumwa."

Kocha akasema, "Mama, yeye mwenyewe anasema amepona. Na hata leo anaonekana mchangamfu."

"Kocha, huyu nimemzaa mimi. Tangu ameanza kusema, hajawahi kunisubiri nimalize neno. Nikisema 'mbuzi', yeye ameshasema habari ya mbuzi. Nimegombana naye kwa hilo, nimempiga kwa hilo. Leo namwambia jambo, ananitazama, anafikiri, ndipo ananijibu vizuri, kwa adabu." Akatikisa kichwa. "Mwanangu hana adabu hiyo."

Mimi nilicheka. Nilicheka na machozi yakanitoka, sijui kipi kilitangulia. Kocha hakucheka. Aliikunjua kofia yake, akaivaa.

"Na mechi, Mama?" akamwuliza. "Watu wenu wanaisubiri."

"Nimewaambia watu wa Nyakitonto kwamba mwanangu atacheza. Nitawaambia hatacheza. Mdomo ni wangu." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Uchungu ninao, Kocha. Usidhani sina."

Jioni ile, jua halijazama, Kocha Sudi akamwita Desideri kando ya goli, nami nikiwepo. Hakumzungusha. "Langoni atakaa Hamisi. Wewe utapumzika mpaka Mama Tiba na daktari waseme. Namba yako haijafa."

Desideri hakumtazama kocha. Alinitazama mimi. "Umemwita mama yangu," akasema.

"Sikumwita."

Hakuniamini. Akavua glavu, akaziweka juu ya nyasi, hakuzitupa, akaziweka kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akaondoka zake.

Siku ya ufunguzi nilimfunga Hamisi kidole mara tatu, maana kila nikimaliza naona plasta ni nene mno kwa glavu. Mtangazaji akasoma majina. Wa kwanza alikuwa kijana wa Kasulu mjini, na wazazi wake walikuwa jukwaani wakilia. Hamisi akadaka siku ile kama aliyetumwa. Wale wa Dar walishambulia hadi wakachoka. Tulitoka sare bila bao, na Kasulu ilisherehekea kama tumechukua kombe.

Mngependa niwaambie kwamba Desideri alipona, akarudi langoni, mambo yakawa mazuri. Alipona, ndiyo. Ilichukua muda kuliko tulivyotegemea, kwa hatua zile zile za daktari, kutembea, kukimbia, kudaka. Siku moja nikamsikia anamkatiza mpishi maneno katikati, nikajua amerudi. Lakini Hamisi hakushuka kiwango, na kocha hawezi kumtoa kipa asiyefungwa. Desideri alikaa benchi karibu msimu mzima. Alicheza mechi chache ambazo hazikuonyeshwa popote.

Na alikuwa hanisalimii. Asubuhi anapita: "Shikamoo, Kocha. Shikamoo, Mzee dereva. Shikamoo, mpishi." Kwangu mimi anapita kama anayepita mlingoti. Nyinyi vijana wa siku hizi labda mtaona ni kitu kidogo. Kwetu huku, mtoto kumruka mtu mzima katika salamu ni kumwambia hayupo duniani. Iliniuma. Nilikuwa nakwenda nyumbani namwambia mume wangu, "Leo pia," naye ananiambia kula kwanza. Mama yake aliendelea kuleta unga, na kila akija ananisalimia mara mbili, moja yake na moja ya deni la mwanawe, ndivyo alivyosema.

Hapa ndipo kwenye neno ninalotaka mlichukue. Mchezaji mliyemfunga mguu ukapona atawashukuru, atawaletea kuku. Mchezaji mliyemzuia asicheze hatawashukuru, kwa sababu jambo mliloliepusha halikutokea, na jambo lisilotokea halina shahidi. Hata nyinyi hamtakuwa na uhakika. Mpaka leo sijui kama Desideri angecheza mechi ile angepigwa tena. Huenda angedaka kwa amani, akasajiliwa Dar, sasa ana nyumba ya ghorofa. Sijui. Mkiona kwamba kutokujua huko kutawatafuna hadi mshindwe kulala, ni bora mwende kwenye kazi nyingine ya tiba ambako mgonjwa mwenyewe huomba apumzike. Hakuna aibu.

Msimu ulipokwisha Desideri akahamia timu ya Kibondo. Aliondoka bila kuniaga. Nikasikia anacheza huko, kisha nikasikia ameacha mpira, ameoa, anafanya biashara ya tangawizi. Mzee Filimoni alifariki, Kocha Sudi akarudi kwao, mimi nikastaafu.

Mwaka jana, kipindi hiki hiki cha vumbi na maandalizi, nikiwa nyumbani napepeta mchele, gari dogo la mizigo likasimama nje. Akashuka mwanamume mrefu mwenye kitambi, mkewe, na mabinti wawili. Nilimtambua kwa mikono. Alisimama mlangoni kidogo.

"Shikamoo, Mama Tiba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Hatukusema zaidi ya hapo kuhusu miaka iliyopita. Nilisonga ugali wa muhogo, nikapika maharage na dagaa, wakala. Ndipo Desideri, mdomo umejaa, akaanza.

"Mama, ile mechi ningecheza."

"Labda," nikasema.

"Siyo labda. Ningecheza. Hamisi alidaka vizuri, simkatalii, lakini ile krosi ya kipindi cha kwanza alichelewa kutoka, mimi ningetoka mapema. Na ule mpira wa adhabu..."

Alinipeleka mechi nzima, langoni akiwa yeye. Mkewe akamwambia amwache mama ale. Hakumwacha. Nami sikutaka aache. Niliketi pale namsikiliza akinikatiza kila nikifungua kinywa, nikaona hiyo ndiyo sauti niliyoikosa mwaka ule kambini.

Akawageukia mabinti zake, akaninyooshea kidole chenye ugali. "Mnamwona bibi huyu? Huyu ndiye aliyenizuia nisionekane kwenye runinga!"

Wasichana wakanitazama kwa mshangao. Mdogo akauliza, "Kwa nini, baba?"

Desideri akafungua mdomo, kisha akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aingie. Mkewe akaacha kula. Desideri akaangalia sahani yake, akamwangalia binti yake.

"Kwa sababu kichwa kilikuwa kinauma sana," akasema, "na mimi nilikuwa nawadanganya."

Kisha akaomba asogezewe maharage.